Kitabu Kilichovaa Suti

Siku ya kufunga shule, mwishoni mwa Juni, direktere wetu, mkuu wa shule, alituweka juani kwa muda wa saa mbili na nusu akituhutubia juu ya faida za kusoma wakati wa vakansi, yaani likizo. Wazazi walikuwa wameketi kwenye madawati yaliyotolewa nje. Sisi wanafunzi tulisimama, kwa kuwa inajulikana kwamba mtoto akisimama anaelewa zaidi. Ilikuwa miaka ya sabini, Kamembe, na kiangazi kilikuwa kimeshaanza kuupaka mji vumbi jekundu.

Direktere alisema kitabu ni rafiki. Alisema hivyo mara nne, nilihesabu. Kisha akataja mambo kumi na moja ambayo rafiki huyo hapaswi kufanyiwa. Asishikwe kwa mikono yenye mafuta. Asikunjwe sikio. Asilazwe kifudifudi. Asipelekwe ziwani, asipelekwe jikoni, asiachwe mahali mbuzi anapopita, asiazimwe jirani, na mengine ya namna hiyo. Alipofika la kumi na moja, sikuona tena ni saa ngapi ya siku mtu angeweza kuonana na rafiki wa aina ile.

Halafu wakaletwa marafiki wenyewe, katika boksi. Vilikuwa vitabu vya kusomea Kifaransa, vipya, vinanuka gundi, vya kuwatosha watoto wa darasa la tatu tu. Mimi nilikuwa wa darasa la tano, kwa hiyo sikupewa. Mdogo wangu alipewa.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza: Septemba, siku ya kufungua shule, kila mtoto wa darasa la tatu atakuja na mzazi wake na kitabu chake, na kitabu kitakaguliwa kama kina doa. La pili: direktere mwenyewe atakifungua kitabu mahali popote atakapopenda, na mtoto atasoma ukurasa mzima kwa sauti. Akishindwa, atarudia darasa. Na kama ameshawahi kurudia darasa hilo, akashindwa tena, basi "atakabidhiwa kwa wazazi wake kwa heshima zote."

Mdogo wangu alikuwa ameshawahi kurudia darasa hilo. Alikuwa na miaka tisa. Alisimama pale, kitabu kifuani, akijikuna mguu mmoja kwa mwingine, na nadhani katika ua ule wote yeye peke yake hakuelewa kwamba heshima zile zote zilikuwa zake.

Aliyeelewa haraka kuliko wote ni shangazi yetu wa Nzahaha. Habari ilimfikia wiki ile ile, akashuka Kamembe na kikapu cha maharagwe na mtoto mgongoni. Alikuwa na shamba kubwa, watoto wadogo watatu, na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Hakuwa mtu mbaya. Alimtazama mdogo wangu jinsi mtu anavyotazama sufuria nzuri dukani.

"Kaka," alimwambia Papa, "usijisumbue roho. Huyu mutoto akishindwa, anakuja kwangu. Ku Nzahaha hakuna ekzame. Maharagi haiulizake muntu kama anajua kusoma."

Akatoa kitambaa cha buluu alichokuja nacho, akaomba Papa amshonee mtoto gauni la kazi, refu kidogo, la kukaa miaka miwili. Papa alikuwa fundi cherehani. Alimpima mdogo wangu palepale, mabega, kifua, urefu, akakata kitambaa, akaunga mabega, akalitundika lile gauni nusu kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka. Lilikaa pale Julai na Agosti nzima, bila mikono, likimsubiri direktere afanye kazi yake.

Sasa nieleze jambo la suti.

Papa hakusoma Kifaransa. Alisoma namba za futi yake ya kupimia, na alisoma Msahafu vizuri sana, kwa herufi zake. Nyumbani Msahafu ulifungwa kitambaa safi, ukakaa mahali pa juu kuliko vitu vyote, na aliyeushusha alitawadha kwanza. Hicho ndicho kitabu Papa alichokijua, na hiyo ndiyo adabu ya vitabu aliyokuwa nayo. Alipoona serikali imemwamini mtoto wake kwa kitabu, akakipa adabu ile ile. Tofauti moja hakuiona: Msahafu ulishushwa kila siku ukasomwa.

Kwanza alikifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Akaona haitoshi, akaweka plastiki. Siku ya tatu nilimkuta amekilaza juu ya meza ya kukatia, anakichora kwa chaki. Alikuwa amebakiwa na kipande cha kitambaa cha kijivu cha suti ya bwana kilimo wa wilaya, mtu mnene aliyependa kuvaa vizuri. Papa alikishonea kitabu koti. Lilikuwa na bitana ndani, lilikuwa na kifungo kimoja mbele, na pembeni aliweka kijimfuko kidogo ambacho mpaka leo sijajua kitabu kingekitumia kwa nini. Alishona kwa mkono, kwa uzi wa kahawia, na kwa kuwa alichukia nguo inayolegea, alikibana vizuri.

Maman aliporudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya daraja la mpakani, alikokuwa akienda kila siku kununua vitenge, alikiona mezani akacheka mpaka akaweka mzigo chini.

"Papa batoto, na suti hii, kitabu iko naenda wapi? Ku mariage?"

"Iko ya serikali," Papa akajibu. "Doa moja tu, mutoto amefukuzwa. Weye unataka ichafuke?"

Maman alikuwa na rafiki yake mfanyabiashara, Mkristo wa Bukavu, aliyekuwa akivuka naye daraja. Naye alikigeuzageuza, akapapasa bitana, akatikisa kichwa.

"Maman, ata bwana yangu siku ya ndoa hakuvaa hivi. Na alikopa viatu."

Kitabu kikaingizwa kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi ya Maman, ambavyo navyo havikuwa vimewahi kuona chai. Papa akatangaza utaratibu. Kitabu kitasomwa Ijumaa, baada ya sala, duka likiwa limefungwa. Mtoto ataoga. Atakaa kwenye mkeka, mikono magotini. Kurasa atafunua Papa.

Wageni wote wa kiangazi kile walionyeshwa kitabu kupitia kioo. Walikisifu. Hakuna aliyeuliza kinasema nini.

Msidhani nyumba yetu ilikuwa na wazimu wake peke yake. Nilizunguka, nikauliza, tangu utoto nina ugonjwa huo wa kuuliza. Mtoto mmoja ambaye mama yake alitoka Mibirizi, kitabu chake kilipelekwa huko kwa bibi, kwa sababu Kamembe kuna vumbi. Mwingine, ambaye baba yake alikuwa mvuvi wa upande wa Nkanka, chake kilining'inizwa darini ndani ya kikapu, juu ya samaki waliokuwa wakikaushwa, ili panya wasikifikie. Wa tatu, mtoto wa muuza mafuta ya mawese, baba yake alikataa hata kuifungua karatasi kilimofungwa. Alisema mikono ya nyumba ile anaijua. Kampeni ya kusoma ya direktere ilikuwa imefanikiwa kupita matarajio. Vitabu vyote vya darasa la tatu vilikuwa salama dhidi ya watoto.

Ijumaa ya kwanza mdogo wangu alisoma kurasa nane. Hakuweza kusoma zaidi, kwa kuwa suti ilibana na kitabu hakikufunguka kupita hapo. Nilimweleza Papa. Hakuona tatizo.

"Tukimaliza yote leo, Ijumaa ingine mutasoma nini?"

Zile nane zilikuwa zimesomwa darasani mwezi wa mwisho, tena na tena, mwalimu akitamka kutoka nakala yake na watoto wakirudia. Nilikaa nyuma ya Papa nikisikiliza, na nilipendezwa. Mtoto alikuwa anasoma Kifaransa kama maji. Nilianza kufikiri direktere alikosea juu yake.

Ijumaa ya pili Papa, kwa vidole vyake vizito, alifunua karatasi mbili kwa pamoja. Mdogo wangu aliendelea vilevile, kwa sauti nzuri, akasoma ukurasa uliokuwa umerukwa, neno kwa neno, huku macho yakiwa kwenye ukurasa wenye picha ya kuku. Papa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilimtazama mdogo wangu, kisha nikamtazama kuku.

Alikuwa hasomi. Herufi alizijua, na vineno vifupi aliweza kuviunga akipewa muda, lakini hakuwahi kuhitaji. Alikuwa na sikio ambalo lingemfaa mwanamuziki. Kila kitu alikishika kwa kusikia. Na Septemba direktere angefungua ukurasa ambao sikio lake halijawahi kuusikia, na jioni yake gauni la buluu lingetiwa mikono.

"Usiseme kwa Papa," aliniambia nje. Mimi aliniita Yaya, dada mkubwa. "Yaya, tafazali. Atasikia mubaya."

"Na kwenda Nzahaha?"

Alisema kule shangazi ana sungura. Lakini alikuwa anatazama nyuma ya mlango wa duka.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilimwamini direktere, kwa hiyo nilianza kwa njia yake. Nilimhutubia mdogo wangu. Nilimwambia kitabu ni rafiki. Nilimchorea ratiba kwa rula na wino wa rangi mbili: asubuhi kusoma, baada ya chakula kusoma, alasiri marudio. Ilikuwa ratiba nzuri sana, na kitu pekee ilichokosa ni kitabu. Siku ya pili nilimkuta anaipepea pasi ya mkaa ya Papa kwa ratiba hiyo, na lazima niseme ukweli, mkaa uliwaka vizuri.

Wokovu ulikuwa unaning'inia kwenye misumari mbele ya macho yetu.

Fundi wa siku zile hakumpima mteja wake mzuri kila mara. Alimkatia patroni, yaani karatasi zenye umbo la mwili wake: mgongo, kifua, mkono, kola, mguu wa suruali. Akizilaza juu ya kitambaa na kuzizungushia chaki, koti limeshapatikana nusu. Papa alikuwa na patroni za wateja kama thelathini, kila mteja na fungu lake, kila fungu na msumari wake. Na karatasi alizokatia zilikuwa zile zile ambazo wenye maduka wa Bukavu walimfungia Maman vitenge vyake: magazeti ya zamani, ya Kifaransa, makubwa kama shuka.

Nilishusha fungu la bwana kilimo. Nilimchagua kwa sababu ya tumbo. Mteja mwembamba alikupa tangazo la sabuni na nusu ya hali ya hewa, lakini bwana kilimo, Mungu amzidishie, mgongo wake peke yake ulikuwa na safu nne za maandishi. Pale kwenye bega la kushoto palianza habari ya mahakamani. Mtu mmoja alimuuza ng'ombe mmoja kwa wanunuzi wawili, siku moja, soko moja. Wanunuzi walifika mbele ya hakimu wakivutana. Muuzaji aliapa kwamba wale walikuwa ng'ombe wawili wanaofanana. Hakimu akaamuru ng'ombe aletwe mahakamani.

Nilimsomea mdogo wangu mpaka hapo, nikimfasiria, tukiwa chini ya meza ya kukatia. Kisha nikasema nimechoka.

"Yaya! Na ngombe? Ilikuja ku tribinali?"

"Imeandikwa hapo. Soma."

"Weye soma. Mara moja tu."

"Nimechoka."

Alinitukana. Alisema mimi ni mbaya kuliko direktere. Aliniambia nina masikio kama ya mbuzi wa jirani. Sikuwa na huruma. Nilijua nikitamka mara moja tu, sikio lake litakula na macho yatabaki na njaa. Nilimwachia mgongo wa bwana kilimo nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa bado chini ya meza, kidole kwenye karatasi, midomo inacheza, na alikuwa amevuka mistari mitatu.

"Imefika," alisema bila kuniangalia. "Ngombe. Imefungwa ku muti, inje."

Basi ndivyo vakansi yetu ilivyokwenda. Maneno asiyoyajua alikuja kuniuliza, nami nilimpa maana, sikumpa sauti. Nilitengeneza orodha, maana siwezi kuishi bila orodha: bwana kilimo, mgongo, ng'ombe sehemu ya kwanza; bwana kilimo, kifua cha kulia, ng'ombe sehemu ya pili na ajali ya lori; karani wa posta, mkono wa kushoto, mapishi yasiyo na mwanzo; katekista wa Mibirizi, suruali, mechi ya mpira ambayo haikujulikana nani alishinda kwa sababu katekista alikuwa na miguu mifupi. Kufikia katikati ya Agosti mdogo wangu alikuwa anajisomea mwenyewe wanaume wote wa maana wa Kamembe, wima na ubavu, kulingana na walivyokatwa.

Papa alituona mara nyingi. Alituonea huruma.

"Batoto, mwachane na patroni," alisema. "Mutakuwa tu na kucheza na makaratasi mpaka wakati gani? Ijumaa iko karibu. Mutasoma."

Na Ijumaa ilipofika tulioga, tukakaa kwenye mkeka, na mdogo wangu akasoma zile kurasa nane kwa uvumilivu mkubwa.

Kesi ya ng'ombe ilikatikia kwapani. Hakimu alikuwa ametoka nje na watu wote, akasimama mbele ya ng'ombe, akawaambia wale wanunuzi wawili warudi nyuma hatua kumi, na pale, chini ya kwapa la bwana kilimo, mkasi wa Papa ulikuwa umepita. Tulitafuta safu iliyofuata katika mafungu yote. Tulifungua mpaka ya wateja marehemu. Haikuwepo. Vipande vya mabaki Papa aliwashia pasi.

"Alimpa yule wa kwanza," nilimwambia mdogo wangu nilipochoka kutafuta.

"Iko wapi?"

"Najua tu."

"Nionyeshe penye iliandikwa."

Nilitaka kumpiga. Wiki saba kabla angekubali chochote kilichotoka kinywani mwangu, akakikariri, akakisema kwa sauti nzuri. Sasa alitaka karatasi.

Siku ya kufungua shule, Papa alivaa koti lake zuri na kitabu kikavaa la kwake. Waliondoka nyumbani wamefanana. Shangazi alikuwa ameshafika tangu jana yake kutoka Nzahaha, asije akachelewa. Alikaa dukani na mtoto wake akisubiri, gauni likining'inia juu ya kichwa chake. Mimi niliomba ruhusa kwa mwalimu wangu wa la sita nikasema tumbo linaniuma.

Direktere aliketi nyuma ya meza uani, wazazi na watoto kwenye mstari. Aligusa kila kitabu kwa ncha za vidole. Kile cha mtoto wa mvuvi kilikuwa hakina doa hata moja, lakini kilipofunguliwa mstari mzima ulirudi nyuma. Ilikuwa kama mtu amefungua kikapu cha ndagala, yaani dagaa wakavu. Kile kilichokaa Mibirizi kwa bibi kilikuja na karafuu ndani, dhidi ya wadudu. Kile cha mtoto wa muuza mawese kilikuja ndani ya karatasi ile ile, kamba ile ile, fundo lile lile. Direktere alikiinua juu watu wote wakione.

"Huu ndio mfano!" alisema. "Miezi miwili!"

Watoto walisoma, au hawakusoma. Wa mvuvi alisoma mistari miwili akaanza kulia. Wa mawese alitazama ukurasa kama anatazama ng'ambo ya ziwa, na direktere, ambaye bado alikuwa na furaha ya ile karatasi, alimwambia atasoma siku nyingine.

Zamu yetu ikafika. Direktere aliiona suti. Alifungua kifungo. Alipapasa bitana. Alimtazama Papa kwa heshima ambayo sikuwahi kuona akimpa mzazi.

"Mzee, hii umeshona wewe?"

"Njo kazi yangu, Direktere."

"Hata kijimfuko!"

"Kidogo tu."

Kisha akajaribu kukifungua katikati. Hakikufunguka. Akajaribu kwa vidole gumba viwili. Kitabu kilitoa mlio wa nyuzi, kikajifunga chenyewe. Niliona shingo ya Papa inabadilika rangi juu ya kola, maana sasa direktere alikuwa anaelewa, na Papa mwenyewe alikuwa anaelewa, pole pole, kama mtu anayesikia maji yakivuja ndani ya nyumba, kwamba kitabu hiki hakijafunguliwa hapo tangu kilipozaliwa.

"Kilisomwaje?" direktere akauliza.

Papa alitia mkono mfukoni akatoa wembe wake wa kufumulia.

"Ngoja nikivue koti, Direktere."

Alifumua palepale, mbele ya watu, amepiga goti moja, kitabu kwenye paja. Alifumua mshono wa mgongo wote, uzi wa kahawia ukimwangukia kiatuni. Nimemwona Papa akifumua nguo za watu mara nyingi katika maisha yake, na siku zote alipiga mluzi. Siku ile hakupiga. Alikitoa kitabu, akakikabidhi kwa mikono miwili, akabaki ameshika suti tupu.

Direktere akakifungua katikati, akampa mdogo wangu ukurasa ambao hapakuwa na mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuuona.

Mdogo wangu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikipindisha kitabu. Alikishika kwa kona, upande, kama mtu anayeshika bango linalotaka kuanguka, na kuinamisha kichwa.

"Kitabu kinashikwa hivyo?" direktere akasema.

Mimi peke yangu nilijua kwa nini. Mikono ya koti na migongo ya wanaume haikatwi kufuata mistari ya gazeti. Wiki saba alikuwa amesoma dunia iliyolala ubavu, na sasa dunia iliyonyooka ilimpa kizunguzungu.

Akaanza. Hakusoma kama maji. Maji yalikuwa yameisha. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, anasimama, anatazama, anakanyaga. Neno moja refu alilirudia mara tatu. Alifika mwisho wa mstari akaingia mwingine bila kuanguka. Ilikuwa habari ya mvulana na mkate, nadhani, habari isiyo na ng'ombe wala hakimu, na sauti yake ilionyesha wazi kwamba hakupendezwa nayo. Lakini aliimaliza. Alifika chini kabisa ya ukurasa, na bila kuambiwa akafunua wa pili, aone kama kuna zaidi.

"Basi, basi," direktere akasema. Akaandika kitu kwenye daftari. Kisha akawageukia wazazi wote akawaambia wameona wenyewe: nyumba inayotunza kitabu vizuri, mtoto wake anasoma. Akamwomba Papa awashonee watoto wengine suti kama ile, kwa ajili ya vakansi ijayo. Zawadi ya kitabu safi kuliko vyote ilikwenda kwa mtoto wa muuza mawese. Zawadi yenyewe ilikuwa kitabu kingine, na sina sababu ya kudhani kwamba hata leo si kipya.

Tulirudi nyumbani sisi watatu. Papa alitembea mbele, suti tupu imekunjwa mfukoni mwake. Tulipofika karibu na soko alisimama.

"Ulisomea wapi?" alimuuliza mdogo wangu.

Mdogo wangu alinitazama. Nikatazama soko.

"Ku mugongo ya bwana kilimo," alisema.

Papa alimsogelea.

"Na ku mukono ya karani. Na katekista, lakini ye hana maneno mingi." Akavuta pumzi, na nilijua anachotaka kusema na sikuweza kumzuia. "Lakini mwisho ya ngombe ulichoma, Papa. Uliichoma mu pasi."

Ilinibidi nieleze. Nilieleza yote, kwa utaratibu, tangu bega la kushoto mpaka kwapani. Papa alisikiliza, akakuna kidevu. Nilidhani atakasirika kwa sababu ya Ijumaa zile zote. Aliuliza jambo moja tu:

"Na hakimu alimpa nani ngombe?"

"Hatujui."

"Ah," Papa akasema, na tukaendelea kutembea.

Shangazi alikunywa chai, akampongeza mtoto, na akapanda kurudi Nzahaha kabla jua halijakaa vibaya. Alimpongeza kweli, lakini alilitazama gauni lake la buluu mara mbili kabla ya kutoka. Papa alimfumulia lile gauni jioni ile akamshonea shuka ya kumbebea mtoto, na kipande kilichobaki kilifunika vitabu vitatu vya watoto wengine wa darasa la tatu. Vifuniko alivikata vikubwa. Vitabu vilifunguka mpaka mwisho, na kwa hiyo vilichafuka, na direktere alisikitika sana.

Kuhusu patroni, Papa hakutuambia kitu. Ila niliona kwamba kabla ya kukata gazeti jipya alianza kumwita mdogo wangu mezani. "Hapa inaanza wapi? Na inaishia wapi?" Mdogo wangu alionyesha kwa kidole. Papa alivuta chaki, akaizungusha nje kidogo ya kidole kile, ndipo akakata.

Ndiyo sababu, kwa miaka miwili mitatu hivi, wanaume waliovaa vizuri Kamembe walivaa mikono mirefu kuliko ilivyohitajika. Bwana kilimo alilalamika mara moja kwamba koti jipya linamfika vidoleni. Papa alimjibu kwamba njo modi, mtindo mpya wa Bukavu.

Bwana kilimo alijitazama kwenye kioo, akanyoosha mkono, akakubali.